Columbia, Harvard, London au Paris: kijana wa 1912 aliyetaka kusomea siasa angekwenda wapi?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huwapa wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa zoezi moja. Jifanye una miaka ishirini na kidogo, mwaka ni 1912, una barua ya ufadhili mfukoni, na unataka kusomea mambo ya serikali. Andika kurasa nne ueleze ungekwenda chuo gani na kwa nini. Zoezi hili huonekana jepesi hadi mtu anaposhika kalamu. Kila mwaka hunirudia rundo la insha zinazochagua Harvard kwa sababu ni Harvard, na rundo jingine, dogo zaidi, la wale waliokwama kabisa wakaja kugonga mlango kuuliza tofauti ilikuwa nini. Ulinganisho huu ni wa hao wa kundi la pili, na vilevile wa msomaji yeyote aliyekutana na wasifu wa kiongozi wa zamani ukisema kwamba bwana huyo "alisomea siasa ng'ambo", akabaki akijiuliza alisomea nini hasa.

Ikumbukwe kwanza kwamba somo lenyewe lilikuwa changa. Chama cha wanataaluma wa sayansi ya siasa cha Marekani kiliundwa New Orleans mwishoni mwa Desemba 1903, na jarida lake likaanza kutoka mwaka 1906. Hata jina lilikuwa halijaafikiwa. Harvard waliliita Serikali, Princeton wakaliita Siasa, Columbia wakalitia chini ya Sheria ya Umma, na Wafaransa, ambao hawakuamini kwamba ni sayansi moja, wakazungumza juu ya sayansi za siasa kwa wingi. Anayedhani kwamba majina haya ni tofauti ya lugha tu atapotea mapema, kwa kuwa kila jina lilibeba jibu tofauti la swali kwamba serikali ni kitu gani.

Nimechukua vyuo vinne: Columbia ya New York, Harvard ya Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Shule ya Uchumi na Sayansi ya Siasa ya London ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi LSE, na Shule Huru ya Sayansi za Siasa ya Paris. Oxford nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu shahada yake iliyounganisha falsafa, siasa na uchumi ilianza mwaka 1920, na kijana wetu wa 1912 asingeikuta.

Vigezo

Vigezo ni vitano, na ninashauri visomwe kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni imani ya walimu: waliona serikali imeundwa na nini? Cha pili ni namna ya kufundisha, yaani mwanafunzi alikaa wapi, saa ngapi, na alitakiwa kufanya nini. Cha tatu ni mlango: nani aliruhusiwa kuingia na nani aliachwa nje. Cha nne ni muda na fedha. Cha tano ni mahali ambapo waliohitimu walikwenda. Umaarufu wa chuo haumo katika orodha hii, kwani umaarufu wa leo haumsaidii mtu wa 1912, ambaye angeikuta LSE ikiwa shule ya miaka kumi na saba tu iliyobanana katika uchochoro wa Clare Market.

Imani ya walimu

Columbia ilikuwa ya dola na sheria. John W. Burgess, aliyeanzisha pale Shule ya Sayansi ya Siasa mwaka 1880, alikuwa amesoma Göttingen, Leipzig na Berlin, akarudi akiamini kama Wajerumani kwamba mambo yote huanzia kwenye dola, mamlaka kuu na katiba. Mwenzake Frank Goodnow, aliyekuwa rais wa kwanza wa kile chama cha 1903, alishuka ngazi moja kutoka mawinguni: kitabu chake cha mwaka 1900 kilitenganisha siasa, ambayo kwake ni kuitamka nia ya dola, na utawala, ambao ni kuitekeleza nia hiyo. Mtumishi wa umma anayesema leo kwamba yeye si mwanasiasa, anatekeleza tu, anasema maneno ya Goodnow bila kujua. Kisha, katika korido hizohizo, alikuwepo Charles Beard, ambaye mwaka 1913 alitoa kitabu kilichodai kwamba waandishi wa katiba ya Marekani walikuwa pia watu wenye mali na hati za madeni, na kwamba maslahi hayo yalionekana katika walichokiandika. Mwanafunzi wa Columbia aliweza kusikia asubuhi kwamba katiba ni kilele cha hekima ya taifa, na mchana akaulizwa nani alifaidika nayo.

Harvard ilivutiwa na jinsi serikali inavyofanya kazi kwa kweli, si jinsi inavyosomeka kwenye karatasi. Mtu wake alikuwa A. Lawrence Lowell, wakili aliyegeuka kuwa profesa, ambaye kitabu chake cha 1908 kuhusu serikali ya Uingereza kilichambua baraza la mawaziri, vyama na Bunge kwa namna ambayo Waingereza wenyewe walikubali kuwa iliwazidi. Katika hotuba yake ya urais wa kile chama mwaka 1909 alifananisha kazi ya mwanasayansi wa siasa na ya anayechunguza viungo vya mwili vikiwa hai, akasisitiza kwamba maabara yake halisi ni maisha ya umma yaliyo nje ya maktaba. Ni hoja nzuri. Hata hivyo, vingi vya viungo alivyochunguza vilikuwa vya Ulaya na Marekani, na mwili mkubwa wa makoloni ulipata nafasi ndogo.

London ilianza kwa mtu. Graham Wallas, mmoja wa waanzilishi wanne wa LSE, alikuwa amegombea na kushinda viti katika bodi ya shule ya London na baadaye katika baraza la jiji, kwa hiyo aliijua kampeni kutoka upande wa anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Kitabu chake cha 1908 kiliwalaumu wataalamu kwa kuchambua taasisi na kumsahau binadamu: mpiga kura hakai akapima hoja kama hakimu, bali husukumwa na mazoea, na hisia, na jina la chama, hata na rangi ya utepe. Wallas alikwenda kufundisha Harvard mwaka 1910, na mmoja wa vijana waliomsikiliza huko alikuwa Walter Lippmann, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa habari wenye sauti kubwa kabisa Marekani. Hivyo mipaka kati ya vyuo hivi haikuwa ukuta.

Paris ilianza kwa kushindwa vita. Émile Boutmy alifungua shule yake Januari 1872, miezi michache baada ya Ufaransa kupigwa na Prussia na Paris kuwaka moto wa Komuni, yaani uasi wa wakazi wa jiji hilo, akishawishika kwamba nchi ilikosa tabaka la watu waliofunzwa kuongoza. Kwa hiyo pale serikali ilikuwa kazi, na kazi ina idara zake: diplomasia, utawala, fedha, uchumi. Ukiingia mtaa wa Saint-Guillaume namba 27 hukuulizwa unaamini nini kuhusu dola. Uliulizwa unajiandaa kwa mtihani wa idara gani. Hata hivyo ni pale ambapo Élie Halévy alifundisha historia ya Uingereza na ya usoshalisti wa Ulaya, na ambapo André Siegfried, aliyechapisha mwaka 1913 uchunguzi wake wa kura za Ufaransa ya magharibi, alipata jukwaa. Kwa hiyo wanaoiita karakana ya makarani hawaitendei haki.

Darasani

Mwanafunzi wa Columbia alikuwa kwa kawaida mtu mwenye shahada ya kwanza tayari. Alihudhuria mihadhara, lakini uzito ulikuwa kwenye semina, meza moja ndefu ambako kila mtu alileta utafiti wake ukachanwachanwa. B. R. Ambedkar, Mhindi aliyefika New York mwaka 1913 kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda, alisoma karatasi yake kuhusu asili ya tabaka za India katika semina ya anthropolojia mnamo Mei 1916, akiwa na umri wa miaka ishirini na tano. Kulikuwa na mtego ambao wanafunzi wangu hawautambui kamwe: shahada ya uzamivu haikutolewa hadi tasnifu ichapishwe kitabu, na nakala zikabidhiwe chuoni. Ambedkar alimaliza masomo, tasnifu yake ikaja kuchapishwa mwaka 1925, na shahada ikatolewa rasmi mwaka 1927, yaani miaka kumi na minne baada ya kushuka melini. Anayechagua Columbia aihesabu ada, kisha amhesabu na mpiga chapa.

Harvard ilikuwa chuo cha shahada ya kwanza hasa, na mlango wa somo hili ulikuwa kozi ya utangulizi iliyojaza ukumbi kwa mamia. Katika umati kama huo kijana mvivu aliweza kujificha vizuri sana, na Lowell alilijua hilo, kwa sababu mtangulizi wake alikuwa amewaachia wanafunzi wachague masomo wapendavyo, mtu akala kama aliyeingia harusini: kijiko hapa, kijiko pale. Alipokuwa mkuu wa chuo mwaka 1909 aliibadili karamu hiyo. Katika kozi kumi na sita za shahada, angalau sita zilitakiwa kuwa za uwanja mmoja, na nyingine zikatawanywa kwingine. Kuanzia 1914 wanaosoma historia, serikali na uchumi walianza kupewa wakufunzi wa kukaa nao wachache wachache, wakijiandaa kwa mtihani mmoja wa jumla mwishoni. Kijana wa 1912 angeikuta Harvard ikiwa katikati ya ukarabati, nusu ya kale, nusu ya Lowell.

London ilifundisha usiku. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika ulinganisho huu, na nakiri linaweza kunipendelesha. Wengi wa waliokaa madarasani walikuwa wameajiriwa: makarani wa serikali, walimu wa shule, watu wa benki, wafanyakazi wa reli ambao makampuni yao yaliwalipia masomo. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akinakili barua za wizara aliingia jioni na koti lenye mvua kusikiliza mhadhara kuhusu wizara, akiwa na maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Maktaba ya sayansi ya siasa ya shule hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1896, ilikusanya vitu ambavyo maktaba za heshima zilivitupa: ripoti za mabaraza ya miji, hesabu za vyama vya wafanyakazi, makabrasha ya uchaguzi.

Paris iliunganisha mambo mawili. Mihadhara mikubwa ilitolewa na wasomi, na mazoezi ya vikundi vidogo yaliongozwa mara nyingi na maofisa waliokuwa kazini, mkaguzi wa fedha aliyetoka ofisini saa moja kabla au mwanasheria wa Baraza la Dola, chombo kinachoishauri serikali na kuamua kesi za utawala. Mwanafunzi alizoezwa kusimama na kueleza jambo zito kwa muda mfupi, kwa mpangilio, bila kuyumba. Aliyepita pale alitambulika kwa namna alivyofungua mdomo.

Mlango

Hapa ndipo wengi wa wasomaji wangu wangekwama kwa kweli, si katika insha.

LSE iliwapokea wanawake na wanaume kwa masharti yaleyale tangu ilipofunguliwa 1895, na aliyetaka kuhudhuria mihadhara tu, bila kutafuta shahada, aliweza kujiandikisha kwa urahisi kuliko kwingineko. Aliyetaka shahada ya Chuo Kikuu cha London, iliyopatikana pale kuanzia 1901, alitakiwa kwanza kufaulu mtihani wa kuingia wa chuo kikuu hicho. Columbia ilikuwa na chuo cha wanawake kando yake, Barnard, tangu 1889, na ingawa Burgess mwenyewe hakutaka wanawake, masomo ya juu yaliwafungukia kidogo kidogo: Frances Perkins alichukua shahada ya uzamili pale mwaka 1910, akiwa amechunguza utapiamlo wa watoto wa shule katika mtaa maskini wa jiji hilohilo, na mwaka 1933 akawa waziri wa kwanza mwanamke katika serikali ya Marekani. Harvard iliwaelekeza wanawake Radcliffe, chuo cha wanawake cha jirani, ambako walifundishwa na maprofesa walewale lakini wakapewa shahada yenye jina jingine. Paris haikuwapokea hadi 1919.

Kuhusu mtu mweusi, picha haikuwa moja. Columbia ilimpa Pixley ka Isaka Seme, kijana wa Natal, shahada ya kwanza mwaka 1906 na medali ya ufasaha kwa hotuba yake juu ya kufufuka kwa Afrika. Miaka sita baadaye, Januari 1912, alikuwa Bloemfontein akiongoza kuundwa kwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Lakini Columbia hiyohiyo ndiyo iliyomsikiliza Burgess akifundisha kwamba kuwapa watu weusi wa Kusini mwa Marekani haki ya kura lilikuwa kosa, na wanafunzi wa mwenzake William Dunning wakaandika vitabu vizima juu ya msingi huo. Jibu zito lilikuja mwaka 1935 katika kitabu cha W. E. B. Du Bois, ambaye shahada yake ya uzamivu, ya 1895, ilikuwa ya Harvard. Nayo Harvard chini ya Lowell iliwazuia wanafunzi weusi kulala katika mabweni ya mwaka wa kwanza, hadi wasimamizi wa chuo walipotengua uamuzi huo mwaka 1923. Kwa hiyo hakuna mlango uliokuwa safi. Swali la mchaguzi lilikuwa ni matusi yapi aliweza kuyavumilia, na faida gani ilikuwa nyuma yake.

Muda na fedha

Hili ni fupi. Harvard ilichukua miaka minne na ada yake ilikuwa dola 150 kwa mwaka hadi 1916, ukiacha chumba na chakula, ambavyo mara nyingi vilizidi ada. Columbia ilitaka mwaka mmoja kwa uzamili na miaka miwili au zaidi kwa uzamivu, katika jiji ghali. Ufadhili wa Ambedkar ulikuwa pauni kumi na moja na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu, na ilimbidi aishi kwa kubana. London ilikuwa na shahada ya miaka mitatu, ila faida yake haikuwa urefu bali saa: mtu aliendelea kupokea mshahara. Paris ilikuwa shule binafsi iliyoishi kwa ada na wafadhili, masomo ya miaka miwili au mitatu, na wengi walijiandikisha wakati huohuo katika kitivo cha sheria, kwa kuwa diploma ya Saint-Guillaume haikuwa shahada ya dola. Mzazi asiye na uwezo hakuwa na la kufanya pale.

Walikokwenda

Paris ndiyo iliyotimiza ahadi yake kwa uhakika zaidi. Katika miongo ya kwanza ya karne, takriban wote walioshinda mitihani ya Baraza la Dola, Ukaguzi wa Fedha na Mahakama ya Hesabu walikuwa wamepita kwake, na sehemu kubwa ya wanadiplomasia pia. Lakini ahadi hiyo ilikuwa ya Ufaransa. Mgeni alirudi kwao na diploma nzuri na marafiki waliokuja kuwa mabalozi, jambo ambalo si dogo, ila si ajira.

Columbia ilitoa maprofesa, washauri na wanadiplomasia. Wellington Koo, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi pale, alipata uzamivu mwaka 1912 na kurudi China moja kwa moja kuwa katibu wa rais Yuan Shikai. Mwaka 1919 alikuwa mezani Paris akiitetea nchi yake kwenye mkutano wa amani. Goodnow naye alikwenda China kumshauri Yuan huyohuyo kuhusu katiba, na ushauri ule haukuisaidia sana jamhuri. Harvard ilitoa mawakili, waandishi, wabunge na walimu wa vyuo vingine vya Marekani, wengi wao wakipitia kwanza shule ya sheria.

London, ambayo haikuwa na jina, ndiyo iliyotufikia sisi kwa njia nyingi. Shule yenyewe ilizaliwa wakati wa kifungua kinywa katika nyumba ya shambani huko Surrey, Agosti 1894, Sidney na Beatrice Webb, Wallas na Bernard Shaw wakijadili wafanye nini na urithi ambao wakili mmoja wa Derby aliuachia chama chao cha Wafabia, wasoshalisti walioamini mabadiliko ya hatua kwa hatua. Shaw alinung'unika kwamba fedha za siasa zinapelekwa shuleni. Mkurugenzi wake wa 1903 hadi 1908, Halford Mackinder, ndiye Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, Septemba 1899, akiwa na msafara uliobebwa na wapagazi Waswahili. Sidney Webb mwenyewe, akiwa Lord Passfield, alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1929 hadi 1931, na waraka wake wa 1930 ulirudia tamko la serikali ya Uingereza la 1923 kwamba katika Afrika Mashariki maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo na malalamiko ya ardhi mkobani, aliingia baadaye katika shule hiyohiyo kusoma anthropolojia.

Viwili vya pembeni

Wako waliosoma hadi hapa wakaona hakuna kinachowafaa. Kuna Madison, katika jimbo la Wisconsin, ambako chuo kikuu na bunge la jimbo vilitazamana kutoka ncha mbili za barabara moja. Charles McCarthy alianzisha maktaba ya marejeo ya wabunge mwaka 1901, na mwanafunzi aliweza kuagizwa akatafute jinsi nchi nyingine zilivyotunga sheria fulani, kisha akaona kazi yake ikiingia kwenye muswada. Sheria za 1911 za fidia kwa wafanyakazi walioumia na ya kodi ya mapato zilipikwa katika mazingira hayo. Aliyetaka kutunga sheria zaidi ya kuziandikia vitabu hakuwa na mahali bora.

Na kuna Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, iliyofunguliwa 1908 kuwafunza maofisa na wafanyabiashara wa makoloni ya Ujerumani. Siipendekezi kwa kijana wetu, kwa kuwa haikujengwa kwa ajili yake. Naitaja kwa sababu Mswahili alikuwemo, akiwa upande wa ubao: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa amefundisha Berlin kuanzia mwaka 1900, alifundisha Kiswahili huko Hamburg kuanzia 1909, akiwatamkisha maneno watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kuwatawala ndugu zake.

Kwa hali yako

Kama ulikuwa na ajira ambayo usingeweza kuiacha, au ulikuwa mwanamke uliyetaka kukaa darasa moja na wanaume bila kuomba radhi, London ilikufaa, na usingekosa la kusikiliza. Ila kama hukuwa na nidhamu ya kusoma baada ya kazi, usiku ungekushinda. Shahada za jioni ziliwaacha wengi njiani.

Kama tayari ulikuwa na shahada ya kwanza, ukajiona mwandishi wa katiba au mshauri wa serikali changa, na ukawa na ngozi ngumu ya kusikiliza profesa akiidharau asili yako bila kuacha kuandika noti, Columbia ilikupa zana kali kuliko zote. Ungehitaji pia mpango wa kulipia uchapaji.

Kama ulikuwa umri wa miaka kumi na minane, hujui bado unataka nini, na wazazi wako wanaweza kulipa miaka minne, Harvard ilikupa nafasi ya kujitafuta, hasa ukisubiri hadi wakufunzi waanze. Katika hali hiyo tu ndipo ninaposoma insha ya "Harvard kwa sababu ni Harvard" bila kukunja uso. Na kama ulikuwa Mfaransa wa familia yenye kipato, macho yako yakiwa kwenye ubalozi au hazina, ulinganisho huu hukuuhitaji: mtaa ulijulikana, na namba ya nyumba ilijulikana.

Imebaki hali moja ngumu, ya aliyetaka kusomea utawala wa makoloni kwa macho ya wanaotawaliwa. Mwaka 1912 hakuna chuo kati ya hivi kilichokuwa na kozi hiyo, na aliyeitaka ilimbidi aishone mwenyewe kwa vitambaa vya vyuo viwili. Ralph Bunche alifanya hivyo baadaye. Mwaka 1934 alipata uzamivu Harvard kwa tasnifu iliyolinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo katika sayansi ya siasa. Kisha mwaka 1937 akaenda LSE kujifunza namna ya kufanya utafiti katikati ya watu, kabla ya kusafiri kwenda Kenya. Lugha aliyohitaji huko haikufundishwa katika darasa alilolipia ada. Aliipata London, somo kwa somo, kutoka kwa mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Kenyatta.